Wang'uru: Mji wa mpunga uliozaliwa katika kambi za kizuizini

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Embu, akishaliacha njia panda la Makutano, huona nchi ikibadilika mbele yake. Vilima na migongo ya ardhi hutoweka, na mahali pake hutanda uwanda bapa uliokatwakatwa vipande vya mraba vilivyojaa maji. Vipande hivyo ni majaruba ya mpunga, na katikati yake, takriban kilomita 100 kaskazini mashariki mwa jiji kuu, umekaa mji wa Wang'uru, ambao wengi pia huuita Ngurubani.

Kwa macho ya mpita njia, Wang'uru ni mji mdogo kama miji mingine ya kando ya barabara nchini Kenya. Yapo maduka, hoteli ndogo, kituo cha matatu na msongamano wa bodaboda. Lakini katika nchi ambayo mlo wa kila siku ni ugali, huu ndio mji ambao jina lake hutajwa pale wali unapotajwa. Takriban asilimia 80 ya mpunga unaovunwa Kenya hutoka katika uwanda huu wa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga.

Kiswahili kimeipa nafaka hii majina matatu. Huitwa mpunga ikiwa shambani au ikiwa bado katika maganda, huitwa mchele ikishakobolewa, na huitwa wali ikishapikwa. Historia ya Wang'uru imo katika safari hiyo ya kutoka jaruba hadi sahani. Swali ambalo wakazi wake wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya nusu karne ni moja tu: anayetia miguu topeni ndiye mwenye mpunga, au ni mtu mwingine?

Nchi ya malisho

Kabla ya utawala wa Waingereza, Mwea haikuwa nchi ya wakulima. Ilikuwa mbuga ya chini, kavu na yenye joto, tofauti kabisa na miteremko ya Mlima Kenya iliyo juu yake. Jamii za Ndia na Gichugu ziliishi na kulima huko juu penye mvua ya kutosha, nazo pamoja na jirani zao Waembu na Wambeere ziliutumia uwanda huu hasa kwa malisho ya mifugo.

Sababu ilikuwa udongo. Sehemu kubwa ya Mwea imefunikwa na udongo mweusi mzito ambao hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kugeuka tope linalonata wakati wa masika. Kwa mkulima wa mahindi, huo ni udongo wa mateso. Kwa mpunga, kasoro hiyo hiyo ni neema, kwa kuwa udongo huo ukishalowa huyashika maji wala hauyaachii kupenya upesi.

Kilichokosekana kilikuwa maji ya uhakika. Hayo nayo hayakuwa mbali, kwani mito ya Nyamindi na Thiba huteremka kutoka Mlima Kenya na kupita katika uwanda huo ikielekea Mto Tana. Ilibakia mtu wa kuyageuza mapito yake. Watu waliofanya kazi hiyo hawakuifanya kwa hiari yao.

Kambi na mifereji

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya ili kuyazima mapambano ya Mau Mau. Maelfu ya watu walitiwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Serikali ya kikoloni ilijikuta na nguvukazi kubwa isiyolipwa ujira wa haki, na wakati huo huo ikawa na mpango wa kustawisha kilimo cha Waafrika, uliotayarishwa mwaka 1954 na Roger Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo.

Mambo hayo mawili yalikutana Mwea. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, wafungwa wa kizuizini walichimba mifereji, wakasawazisha mashamba na kujenga kingo za majaruba ya kwanza. Majina ya kambi zao bado ni majina ya mahali hadi leo: Thiba, Kandongu, Gathigiriri na Karaba. Huko Wamumu kulikuwa na kambi ya wavulana wadogo waliokamatwa wakati huo, na baada ya uhuru mahali hapo pamebaki kuwa makao ya shule ya urekebishaji wa watoto.

Kazi ya jembe na sururu haikuwa adhabu pekee. Mnamo mwaka 1957, chini ya ofisa Terence Gavaghan, kambi za Mwea ziliendesha utaratibu wa kuwavunja nguvu wafungwa waliokataa kukiri kiapo. Kundi dogo la wale walioitwa wagumu lilichanganywa na wengi waliokwisha kukubali kushirikiana na serikali, na aliyeendelea kukataa alitumiliwa nguvu. Mwezi Juni mwaka huo, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana waraka kuhusu vipigo hivyo na jinsi ya kuvipa kinga ya kisheria.

Mbinu zilizojaribiwa Mwea zilipelekwa baadaye Hola, kando ya Mto Tana, ambako pia wafungwa walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi katika mradi wa unyunyizaji maji. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa na askari hadi wakafa huko. Msiba huo ulizusha mjadala mkali katika bunge la Uingereza, na kambi za kizuizini zikaanza kufungwa.

Waraka wa Griffith-Jones ulikuwa miongoni mwa nyaraka zilizosomwa upya wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London mwaka 2009. Kesi hiyo ilimalizika mwezi Juni 2013, Uingereza ilipotangaza masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia walalamishi 5,228. Hivyo basi, ingawa vitabu vya kilimo huanza historia ya Mwea kwa ekari na magunia, mahali pake pa kwanza palikuwa nyuma ya seng'enge.

Mkulima mwenye leseni

Kambi zilipofungwa, mashamba yaligawiwa familia zilizokosa ardhi. Wengi walitoka Kirinyaga na wilaya nyingine za Mkoa wa Kati wa wakati huo, na miongoni mwao walikuwamo watu waliowahi kuwekwa kizuizini. Kwa kawaida kila familia ilipewa ekari nne za majaruba na mahali pa kujenga katika vijiji vilivyopangwa na wasimamizi.

Mwaka 1966 bunge la Kenya huru lilipitisha sheria ya unyunyizaji iliyounda Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji, iliyojulikana kote kwa jina la NIB. Bodi hiyo ilikabidhiwa Mwea na miradi mingine ya aina hiyo. Kadiri miaka ilivyopita mradi ulipanuka ukawa na sehemu tano, yaani Tebere, Mwea, Thiba, Wamumu na Karaba. Eneo lililotengwa rasmi kwa mradi lilifikia ekari 30,350, na kati ya hizo zaidi ya ekari 16,000 zikawa majaruba ya mpunga.

Katika hesabu za mavuno, mradi ulisifiwa kuwa miongoni mwa iliyofana zaidi barani Afrika. Mabwana shamba walifuatilia kila hatua, trekta za bodi zililima, mbegu na mbolea zikaletwa kwa wakati, na maji yakafunguliwa kwa ratiba. Lakini mkulima hakuwa mwenye shamba. Alikuwa na leseni tu, na leseni hiyo ilikuwa na masharti. Ilimtaka aishi ndani ya mradi, afuate amri za meneja kuhusu kupanda na kuvuna, na ateue mrithi mmoja. Aliyekaidi angeweza kunyang'anywa leseni na kufukuzwa pamoja na familia yake.

La uchungu zaidi lilihusu mavuno. Mpunga wote ulitakiwa kupelekwa kwa bodi, isipokuwa magunia machache ya chakula cha nyumbani. Bodi ndiyo iliyotaja bei, na kabla ya kumlipa mkulima ilikata gharama za kulima, mbegu, mbolea, dawa na maji. Mkulima aliyeuza mpunga wake mwenyewe kwa mfanyabiashara alihesabiwa kuwa mhalifu. Usiku, hata hivyo, magunia yalisafiri kwa baiskeli na kwa punda, kwa maana penye shida wenyeji hutafuta njia.

Mzigo wa akina mama

Mwaka 1973 wataalamu Robert Chambers na Jon Moris walihariri kitabu kikubwa kuhusu mradi wa Mwea. Sura moja ya kitabu hicho, iliyoandikwa na Jane Hanger pamoja na Moris, ilifichua jambo ambalo hesabu za magunia hazikulionyesha. Waliokuwa wakibeba sehemu kubwa ya kazi za majaruba walikuwa wanawake, ilhali malipo ya bodi yalikwenda kwa mwenye leseni, ambaye kwa kawaida alikuwa mume.

Mwanamke aliyeolewa Mwea alipoteza mambo ambayo mwenzake wa milimani aliyachukulia kuwa ya kawaida. Hakuwa na nafasi ya kutosha ya kupanda mahindi na maharagwe ya kulisha jamaa yake. Kuni ziliadimika katika uwanda usio na miti, ikabidi zinunuliwe. Kwa hivyo alihitaji fedha taslimu kuliko mwanamke wa nje ya mradi, lakini fedha hizo hazikupitia mikononi mwake. Alichopata ni kiasi cha mpunga alichogawiwa na mumewe, ambacho mara nyingi ndicho kilichouzwa kwa siri ili kununua chumvi, mafuta na unga.

Mwaka wa maasi

Katika miaka ya 1990 serikali ililegeza udhibiti wa biashara ya nafaka, na wafanyabiashara wa kibinafsi wakaanza kutaja bei zilizozidi ile ya bodi. Mkulima wa Mwea akawa anaona kwa macho yake thamani ya jasho lake, na kuona pia kwamba haimfikii. Malalamiko yalikuwa yale yale ya tangu zamani, yakiwemo malipo duni na ya kuchelewa, makato yasiyoeleweka, na kukosa sauti katika maamuzi.

Mwaka 1998 subira iliisha. Wakulima walikataa kuipelekea bodi mpunga na kuupeleka kwa chama chao cha ushirika, Mwea Rice Growers. Makabiliano kati yao na polisi yalifuata, na maisha ya watu yakapotea. Hatimaye bodi iliondoka mashambani, na kwa mara ya kwanza tangu mfereji wa kwanza uchimbwe, wakulima wakawa mabwana wa mpunga wao.

Uhuru huo ulikuja na mafunzo yake. Chama kiliweza kununua na kukoboa mpunga, lakini kutunza mifereji mikuu, malango ya maji na barabara za mashambani kulihitaji mitambo na fedha nyingi. Wakati huo huo watu wengi nje ya mipaka ya mradi walianza kupanda mpunga kwa kuelekeza maji yaliyokuwa karibu nao. Mashamba hayo yakapewa jina la jua kali. Maji yaliyopimiwa ekari chache yakawa yanagawanywa kwa wengi, na walio mwisho wa mfereji wakabaki wakitazama majaruba makavu.

Baada ya serikali mpya kuingia madarakani mwishoni mwa mwaka 2002, pande mbili zilirejea mezani. Kuanzia mwaka 2003, bodi ilikubaliwa kurudi kusimamia vyanzo vya maji na mifereji mikuu, nao wakulima, kupitia chama cha watumiaji maji, wakasimamia mifereji midogo na zamu za kumwagilia. Suala la kuuza likabaki kuwa hiari ya mwenye mavuno. Bodi yenyewe ilibadilishwa kuwa Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji kwa sheria ya mwaka 2019.

Mji na kalenda yake

Wang'uru huishi kwa kalenda ya mpunga. Miche huoteshwa kitaluni, na kwa msimu mkuu hupandikizwa mnamo Julai na Agosti. Wakati huo vibarua, wengi wao wanawake, huinama kwa safu ndani ya tope tangu alfajiri. Mavuno huanza Novemba na kuendelea hadi Desemba. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mundu na kwa kupiga masuke, lakini miaka ya karibuni mashine kubwa za kuvunia zimeingia na kuwapunguzia vibarua siku za kazi.

Msimu huo ukifika, mji hubadilika. Viwanda vya kukoboa hunguruma, mpunga huanikwa juu ya maturubai, na vumbi la pumba hutua juu ya mapaa. Wapangishaji nyumba hulipwa malimbikizo ya kodi, madeni ya dukani hufutwa, na karo ya Januari huwekwa kando. Mavuno yakiwa haba, mwenye duka la nguo hulijua hilo mapema kama mwenye jaruba.

Mchele uliolipa jina soko la Mwea ni pishori, wenye punje ndefu na harufu nzuri inayojaza nyumba unapopikwa. Mbegu yake ni Basmati 370, yenye asili ya Punjab. Zipo mbegu nyingine zinazozaa zaidi, lakini bei ya pishori ndiyo huwashika wakulima. Sifa hiyo imezaa pia udanganyifu, kwani wapo wafanyabiashara wanaochanganya mchele wa bei rahisi kutoka ng'ambo na pishori kidogo, kisha wakauuza kwa jina la Mwea. Hasara humwangukia mnunuzi wa Nairobi na mkulima wa Wang'uru kwa pamoja.

Maadui wa shambani nao si wachache. Makundi ya ndege aina ya kwelea hushuka masuke yanapoanza kujaa, na wakulima hukodi watu wa kuwafukuza kutwa kucha. Karibu mwaka 2009 ugonjwa wa bakajani uliishambulia vibaya mbegu ya pishori. Mwaka 2020 aligunduliwa Mwea konokono mgeni mwenye asili ya Amerika Kusini, ambaye hula miche michanga na hutaga mayai ya rangi ya waridi kwenye mashina.

Maji yaliyosimama huleta magonjwa pia. Kichocho kimewasumbua kwa miaka mingi watu wanaofanya kazi wakiwa miguu mitupu majarubani. Kuhusu malaria, watafiti walikuta jambo la kushangaza, kwamba ingawa mbu walikuwa wengi zaidi katika vijiji vya mpunga, ugonjwa haukuzidi ule wa vijiji visivyolima mpunga. Sababu moja waliyoitaja ni kwamba mbu wa huko walijilisha kwa wingi kwa damu ya ng'ombe.

Kila tone

Jambo linalogombanisha majirani Mwea ni maji kuliko kitu kingine chochote. Tangu mwaka 2009, Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amekuwa akiongoza juhudi za kueneza mbinu ya kupanda mche mmoja mmoja kwa nafasi pana na kuliacha jaruba likauke kwa vipindi badala ya kulifurisha wakati wote. Walioifuata waligundua kwamba mpunga hauhitaji maji mengi kama walivyorithishwa kuamini.

Suluhisho kubwa zaidi lilikuwa Bwawa la Thiba, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2017 kwa fedha za serikali ya Kenya na mkopo kutoka Japani. Bwawa hilo lenye kimo cha mita 40 na uwezo wa kuhifadhi takriban mita milioni 15.6 za ujazo lilikamilika na kuzinduliwa mwaka 2022. Kabla yake, wengi waliweza kupanda mara moja tu kwa mwaka. Lengo la bwawa ni kuwawezesha kupanda misimu miwili, na kuongeza takriban ekari 10,000 za mpunga.

Lakini mavuno mengi yasiyo na soko ni mzigo mwingine. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mchele inaoula, na mchele huo huuzwa kwa bei ambayo mkulima wa Mwea hawezi kushindana nayo kwa urahisi. Mwaka 2025 serikali ilipotangaza kuruhusu tani 500,000 za mchele kuingizwa nchini bila ushuru, hoja yake ilikuwa kwamba mavuno ya humu nchini hayawatoshi walaji. Wakulima walilalamika kwamba maghala yao yalikuwa bado na mpunga usionunuliwa, na mzozo huo ukafikishwa katika Mahakama Kuu mjini Kerugoya. Zamani aliyeshika bei alikuwa meneja wa bodi. Sasa bei hutegemea meli zinazotia nanga Mombasa.

Tarehe 20 Oktoba 2021, taifa zima lilielekeza macho Wang'uru. Sherehe za Mashujaa Dei zilifanyika katika uwanja wa michezo wa mji huo, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta na mgeni wake, Rais Lazarus Chakwera wa Malawi. Ilikuwa miaka 69 kamili tangu siku Hali ya Hatari ilipotangazwa. Wageni waliokuja na misafara yao walipita kando ya majaruba ya kijani yaliyolishwa na mifereji. Wengi wa wale walioichimba ya kwanza kati ya hiyo hawakuwahi kula wali wa shamba lao wenyewe, lakini wajukuu wao wanaupanda mpunga huo, na kila msimu wanajadiliana bei yake.